Sanduku Niliyotengenezea Ekipe ya Nguba

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa kule kijijini na hatukupata hata ubao moja ya kumuzikia, wakamufunga mu mukeka na kamba ya mugomba, kiisha mimi nikaacha masomo mwaka wa tatu primere, nikashuka Bukavu kubeba mbao juu ya kichwa. Mateso yangu ilianza pale. Nasema hii mbele ya yote ili muelewe kwa nini mimi sijui kutengeneza kitu ya mbao ya mchezo, na kwa nini aibu nitakayowaambia ilikuwa kubwa vile: mimi muzee, baba wa watoto watano, mutu anayesalimiwa na padri kwa jina, nilipita barabara ya Kadutu mchana kweupe nikiongoza maziko ya mutu asiyekuwako. Mucheke tu. Mimi nimeshachoka kuona aibu.

Ekipe yetu ya mupira iliitwa Nyundo. Ni ekipe ya watu wa mbao wa Cimpunda, mutaa wetu wa mulimani, maseremala, wapasuaji, wabebaji, na mimi nilikuwa prezida wa suporta wake miaka kumi na saba, si kwa sababu nilijua mupira (sikuwahi kupiga mupira hata siku moja, nilikuwa nabeba mbao), lakini kwa sababu nilikuwa na depo ya mbao, na mutu mwenye depo ndiye wanamupa kiti. Musimu ile ninayosema ilikuwa ya kuchosha kuliko yote. Tulipoteza nyumbani, tukapoteza ugenini, golikipa akavunjika kidole, kapiteni akaanza kuendesha moto, pikipiki ya abiria, na kufika mazoezi akinuka mafuta. Kila siku ya yenga, Jumapili, kisha misa, nilipanda stade, uwanja wa mupira, kama mutu anayeenda kuangalia mugonjwa mu hospitali: unajua hatapona, lakini usipoenda watu watasema nini? Mupaka ikabaki mechi moja tu, na ekipe ya Nguba, Mawimbi, wale vijana wa kando ya ziwa wenye viatu safi. Tukitoka sare, tunabaki daraja la juu. Tukipigwa, tunashuka.

Sasa muke wangu. Maman Pascal iko na tension, damu ya kupanda ghafla, na daktari alituambia mbele ya watoto wote kwamba huyu mama asishtuliwe, mushtuko mubaya inaweza kumumaliza. Na Pascal wetu, kifungua mimba, anaendesha lori ya mbao kwenye njia ya Kamanyola, ile njia ya mlima ambayo kila mutu hapa iko na jirani aliyebaki ndani ya korongo yake. Kwa hiyo mama huyu anaishi na telefone mukononi. Mwanzo wa musimu aliniambia wazi kwamba amechoka na mimi, kwamba suporta wangu wanakuja kupiga ngoma mu parcelle, uani kwetu, wakati moyo wake unatafuta kutulia, na nikamupa neno langu: hii ni musimu ya mwisho. Siku ya mechi ya mwisho akanisimamisha kwenye mulango.

— Utaenda, utakaa, utarudi. Bila michezo.

— Bila michezo, nikasema.

Na sanduku ilikuwa imeshamalizika tangu jana, imefichwa nyuma ya mbao kwenye depo.

Acha nieleze, kwa ile mwenye hajakaa kwetu. Hapa, ukipiga ekipe kubwa, unamufanyia matanga. Suporta wanabeba sanduku ya maiti yenye jina la yule aliyepigwa, wanatembea nayo mupaka mu kartie, mutaa wake, wanaume wanalia sauti ya wanawake, mutu moja anavaa kanzu kama padri, na wote wanacheka, hata wenye kufiwa. Lakini ile sanduku inakuwa ya karto, boksi ya karatasi ngumu. Karto na gundi, na inatengenezwa kisha mechi, si mbele. Deo, mupiga ngoma wetu, seremala wa miaka arobaini mwenye roho ya mutoto, alikuja kunielezea vile: papa prezida, niko na karto mbili za televizio, zinatosha. Na mimi, kwa kiburi yangu tu (hakuna jina lingine), nikamuambia kwamba kutoka kwa Papa Mbao, vile wananiita, haitoki sanduku ya karto, watu watasema nini, nikachukua mbao ya libuyu, ile nilikuwa ninawekea mteja wa maana, nikairanda, nikaipiga varnish, nikaitia mishiko sita ya chuma. Sanduku ya kweli. Hata askofu angelala ndani asilalamike. Juu ya kifuniko Deo akaandika MAWIMBI kwa chaki.

Uamuzi kidogo, munaona. Libuyu badala ya karto.

Tuliiingiza mu stade watu sita, tukaiweka mbele ya mistari yetu, na Cimpunda yote ikaimba. Dakika ya kwanza mupaka ya themanini ilikuwa sifuri kwa sifuri, mvua ikaanza, uwanja ukakuwa matope tupu, na mimi nilipiga kelele mupaka sauti ikaisha kabisa, ikabaki upepo tu mu koo. Sare ilikuwa inatutosha. Kiisha beki yetu, kijana muzuri, sitamutaja, akateleza na mukono yake ikakutana na mupira ndani ya sanduku la hatari. Penalti. Golikipa wetu mwenye kidole kilichofungwa akaruka upande moja na mupira ukaenda upande mwingine, polepole, kama unatembea kwa miguu.

Mulitegemea watu wa Nguba watutukane? Nami nilitegemea. Hawakutukana. Refa alipopiga filimbi ya mwisho, walivuka uwanja wote mu matope, wakatoa kofia, wakapanga mustari, wakaja kunipa pole. Moja moja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti yangu ya plastiki pembeni ya sanduku, mimi prezida, na wao wanapita wananishika mukono, wanainamisha kichwa, wanasema jikaze papa, Mungu alitoa, Mungu ametwaa, na moja mwenye mwavuli akaniuliza kwa heshima kabisa:

— Papa prezida, messe ya marehemu iko saa ngapi?

Ningekuwa na sauti ningejibu. Sikukuwa nayo. Nikabaki napewa mikono, wengine walirudi mara mbili, na nilipogeuka kutafuta watu wangu wa Cimpunda, nilikuta Deo na wengine watatu. Wale mia mbili walioimba walikuwa wameyeyuka.

Bon. Karto ungeipasua, ungeitupa kwenye shimo, imekwisha. Libuyu unaitupa wapi? Mulinzi wa stade akasema ile kitu haitalala pale, aliyeileta airudishe, yeye iko na watoto, hataki kulala na sanduku. Tukaibeba basi, watu watano wazee kwa vijana, na hapa nikafanya uamuzi wa pili, kwa uchovu. Sikutaka Kadutu yote ione mayo zetu nyekundu, jezi tulizovaa juu ya mashati, siku tumeshuka. Nikawaonyesha kwa mukono wazivue. Tukaziweka ndani ya sanduku, pamoja na ngoma, baragumu na bendera, tukafunga kifuniko, na kwa sababu varnish ilikuwa haijakauka vizuri nikaifunika shitingi ya plastiki. Chaki ilikuwa imeshakwenda na mvua. Rangi nyekundu ambayo Deo alijipaka mu uso pia.

Sasa angalieni vile tulionekana. Wanaume wanne wamelowana, macho mekundu (Deo alikuwa analia kweli, machozi ya mutu mukubwa), kimya, wanabeba sanduku nzito, na mbele yao muzee Papa Mbao mwenyewe, kichwa chini. Njia fupi ya Cimpunda, ile ya ngazi kati ya nyumba, sanduku haipiti, kwa hiyo tulichukua barabara kubwa.

Moto zikasimama. Mutu wa kinyozi akazima muziki yake. Wanaume wakatoa kofia, safari hii kwa ukweli, na hapo ndipo ningesema kitu, ningefungua hata shitingi, lakini nilitoka kupewa pole ya kuchekwa saa nzima, na ile heshima ya barabara, sitawadanganya, ilinipoza moyo kidogo. Nikaiacha. Hii ndiyo kosa inayoniuma mupaka leo kuliko libuyu.

Kwenye kona, Maman Chantal anayeuza samaki ndogo za sambaza, jirani yetu wa miaka mingi, akaweka beseni chini, akafanya alama ya musalaba.

— Papa Mbao, ni nani?

Nikafungua mudomo. Upepo tu ndio ulitoka. Nikatikisa kichwa, nikimaanisha si kitu, maman, uza samaki yako, na yeye akaona muzee anayeshindwa kusema. Akafunga kitenge kiunoni, akaacha sambaza pale pale, akafuata nyuma. Akaanza wimbo wa kanisani. Mama mwingine akapokea. Deo akanigeukia akanong'ona, "Papa, watu banaongezeka," kama vile mimi sikuona. Nilitaka tukimbie, lakini nani anakimbia na sanduku? Tulipofika chini ya Cimpunda walikuwa kama arobaini, wanaimba sauti tatu, na ningesema ilikuwa nzuri, kama ingekuwa ya mutu mwingine.

Muke wangu alisikia wimbo unapanda. Akatoka mulangoni kuangalia nani amefiwa, aombe naye, vile anavyofanya siku zote. Akaona mume wake mbele ya sanduku, inageukia parcelle yake. Telefone ilikuwa mukononi mwake. Tangu asubuhi Pascal hakupatikana.

Hakulia. Aliniuliza taratibu, kama anauliza bei:

— Ni Pascal?

Nikasema hapana. Nilisema kwa nguvu yangu yote, hapana, hapana, na hakuna kilichotoka. Nikapunga mikono. Akakaa mu matope kama gunia iliyokatwa kamba, na Maman Chantal akarusha kilio, na nyuma yake wale arobaini.

Nikatupa shitingi. Nikafungua kifuniko mwenyewe, kucha ikavunjika, nikaipindua sanduku yote mbele ya watu. Ngoma ikavingirika mupaka kwenye miguu ya muke wangu. Mayo nyekundu, bendera, baragumu. Kiisha mwanaume moja nyuma akacheka, na kicheko ikapita mu watu kama moto mu majani makavu, wengine walicheka wakiwa bado na machozi. Maman Chantal hakucheka. Alisema tu, "Papa Mbao, niliacha samaki yangu mu mvua," akageuka akashuka.

Muke wangu pia hakucheka. Alikuwa anapumua kama mutu aliyepanda Cimpunda na muzigo. Deo na wenzake, wale wale, wakamubeba mupaka dispansere, mbio, na mimi nyuma nimeshika viatu vyake. Muganga alipima tension mara mbili kwa sababu hakuamini namba. Nilikaa kwenye benchi nikaahidi Mungu vitu vyote mutu anaahidi. Saa kumi na mbili Pascal akapiga kutoka Kamanyola, amekula, telefone ilikuwa imekwisha betri, anauliza Nyundo ilifanya ngapi. Nikamupa mama yake telefone kwenye sikio. Alisikiliza sauti tu, kiisha akafunga macho na mapigo ikaanza kushuka.

Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne, sauti yangu ilikuwa imerudi, alikaa kwenye kitanda, akaniangalia.

— Ile sanduku, ulipima nani?

— Nilijipima mimi. Hakukuwa na kipimo kingine.

— Nilijua, akasema, na akageukia ukuta. Sijui mupaka leo kama alikasirika au alinihurumia, na sikuuliza.

Sanduku nilijaribu kuuza, libuyu ni libuyu, lakini Bukavu yote ilikuwa imeshajua habari na hakuna mutu anayezika mama yake mu sanduku ya mupira. Nikaikata kwa musumeno. Nililipa Maman Chantal beseni yake ya sambaza na akaipokea bila kusema asante, iko na haki. Kiti ya prezida nilimupa Deo. Nyundo ilicheza musimu moja huko chini mbele ya mbuzi na watu kumi, kiisha vijana wakatawanyika. Golikipa anauza vosher ya telefone, kapiteni iko na moto mbili sasa. Nilifikiri mwisho wa musimu itanipa usingizi. Siku ya yenga kisha misa miguu bado inataka kupanda stade, inafika mupaka kwenye kona, inasimama, inarudi. Miaka kumi na saba nilipenda kitu ambacho sikujua hata kukipiga teke, na siku ilipokufa nikaizika vibaya.

Nimeapa: sitatengeneza tena sanduku ya mutu asiyekufa, hata ya karto, hata kwa adui.

Leo niko na parcelle moja Cimpunda, nyumba ya matofali ya vyumba vitano, mabati mapya upande wa jikoni. Niko na depo ya mbao, randa ya umeme moja, misumeno saba. Niko na watoto watano, wote wazima, wajukuu kumi na moja. Niko na muke moja, ambaye kila siku nikitoka ananisimamisha kwenye mulango na kuuliza nabeba nini, na ninasimama, muzee wa miaka hii, ninamuonyesha mikono yote mbili.