Bi Taipu na Jumla Iliyozidi

Zamani jumla ya ankara ilitoka kichwani mwa mtu unayemjua. Siku hizi inatoka kwenye kompyuta, na ukitaka kubishana nayo utabishana peke yako kama mwehu.

Bi Taipu alichapa ankara za karakana yetu ya samani kwa miaka ishirini na sita, nami nikazijumlisha kwa penseli kwenye meza ya pili. Aliishia darasa la saba. Mimi hata huko sikufika. Alikuwa mnene na mcheshi, akicheka na kiti kinalia. Kisha mwenye karakana akafariki, mwanawe akashika usukani, akaleta kompyuta. Tulimwita Bosi Mdogo.

"Ijumaa nataka ankara inayojijumlisha yenyewe," akatangaza. "Bi Taipu, ukishindwa nitaleta mwingine."

Wiki nzima yule mama akahangaika na fomula. Unakwenda kisanduku cha mwisho cha jedwali, unaiagiza kompyuta ijumlishe vyote vilivyo juu yake, basi. Kila ilipotii kwenye orodha zake za majaribio alipiga kigelegele mpaka maseremala wakaacha randa zao.

"Kaka, njoo uone! Imejua yenyewe!"

"Hata kasuku anajua," nikamjibu. Moyoni niliomba ishindwe.

Ijumaa Bosi Mdogo akasimama nyuma yake. Meza sita, 270,000. Viti kumi na viwili, 222,000. Kabati moja, 130,000. Bi Taipu akabonyeza huku amefumba macho.

622,318.

Bosi akapiga hesabu kwenye simu yake. "Mimi napata laki sita na ishirini na mbili elfu kamili. Hiyo mia tatu na kumi na nane ni ya nani? Mama, kusanya vitu vyako."

Mungu anisamehe, kicheko kilikuwa kimeshanifika kooni: mashine imeumbuka! Kisha nikaona kidevu cha Bi Taipu kinatetemeka. Nikatazama vizuri lile jedwali. Marehemu alituzoesha kuandika namba ya oda kichwani mwa safu ya fedha, ili upepo ukipeperusha karatasi tusizichanganye. Oda ile ilikuwa ya 318.

"Dada!" nikapayuka. "Imejumlisha na namba ya oda! Itoe hapo!"

Akaihamishia nje ya jedwali, akaiamuru kompyuta ihesabu upya. 622,000, si zaidi si pungufu.

Kelele iliyozuka! Fundi vanishi akageuza kopo kuwa ngoma. Bi Taipu akanikamata mikono, tukazunguka kati ya makabati yasiyo na milango, naye Bosi Mdogo akicheka mpaka machozi: "Kaa, Mama! Kaa kwenye kiti chako!" Nami mzee mzima, kichwa chepesi kama mlevi, nikachekelea kifo cha kazi yangu mwenyewe.

Tangu hapo hakuna ankara iliyofika mezani kwangu. Mwisho wa mwezi nikaaga.

Mara ya mwisho kumwona Bi Taipu nilikuwa napita nje ya dirisha la karakana. Makarani watatu wa maduka ya jirani walikuwa wamemzunguka, naye anawafundisha kwa sauti ya kuita wateja: "Sasa tunazidisha! Idadi mara bei! Wewe, usisinzie!" Aliponiona akaniashiria nisubiri, bila kunyamaza. Nikasubiri kidogo, nikiwacheka wanavyoshangilia kila jibu, kisha nikaenda zangu.