Fundi Lifti na Robo ya Safari

Kazini walimwita Robo, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa fundi wa lifti katika jengo la ghorofa kumi na mbili, na kwake yeye hakuna kitu kilichotosha mpaka kizidi. Lifti ya watu wanane haipimwi kwa watu wanane, alimwambia kila aliyemuuliza, na wasiomuuliza pia. Unaipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu kumi, yaani robo zaidi, unaipandisha hadi juu, unaishusha, ndipo unawaruhusu binadamu waingie. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna lifti yake iliyomdhuru mtu, na sifa hiyo tusimnyang'anye. Kosa lake ni kwamba sheria hiyo aliibeba akaenda nayo nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na daftari. Lilianza siku ambayo kifungua mimba wake, binti wa miaka saba wakati huo, alifuatana na mama yake kumpelekea baba chakula cha mchana. Ghorofa ya chini ya jengo lile palikuwa na ofisi ya wakala wa safari, na kwenye kioo chake picha kubwa ya bustani ya bembea ya huko ng'ambo: vigari vimejaa watoto, vichwa chini miguu juu, na kila mmoja anacheka. Mtoto akaganda pale. Robo akachuchumaa, akamshika mabega, akamwambia, "Tutakwenda sisi wote. Baba akisema, amesema." Mtu mzima huchunga ulimi wake mbele ya wadai, mbele ya mtoto huuachia tu.

Basi kila mwisho wa mwezi yeye na mkewe, mwalimu wa chekechea, walikaa mezani kujaza daftari. Nauli, viza, bima, hoteli, tiketi za kuingia bustanini, basi la kutoka uwanja wa ndege. Hata maji ya kunywa yalipewa mstari wake, maana karani wa safari aliwaonya kwamba huko ndani chupa moja inauzwa bei ya kuku mzima.

"Basi tutakunywa hapahapa," mkewe akasema. "Tukifika huko tuwe kama ngamia."

Walicheka, lakini walibana kweli. Soda ilifutwa, viatu vilishonwa mara tatu, na televisheni ilipokufa haikupata mrithi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa kinajaa. Katikati ya safari hiyo ya kuweka akiba akazaliwa kitinda mimba, mvulana, na hesabu ya watu watatu ikawa ya wanne. Hakuna aliyelalamika.

Binti alipofikisha miaka kumi na mmoja, fedha zikatimia. Mkewe alipiga kigelegele jikoni. Binti akatoa begi chini ya kitanda akaanza kukunja nguo zake, na za mdogo wake ambaye hata kutembea hajui vizuri. Robo akatazama daftari, akakuna kidevu.

"Bado robo," akasema. "Mtoto akiugua huko? Begi likipotea? Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," mkewe akamjibu.

Wakangoja. Ile robo ilipobaki kidogo tu itimie, binti akafikisha miaka kumi na miwili, na huko bustanini na kwenye ndege vilevile, mwenye miaka kumi na miwili hulipa kama baba yake. Ile robo yote ikaliwa na keki ya siku ya kuzaliwa, kwa namna ya kusema, na sehemu ya nauli pia. Wakaanza upya. Alipokuwa na kumi na tano fedha zikatimia tena, Robo akasema bado tena, na fedha ya nchi ikaporomoka wiki mbili kabla ya ile ziada kupatikana. Siku hiyo mkewe hakupiga kelele. Alisema tu, huku akiosha vikombe, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Kisha akawa hakai tena mezani mwisho wa mwezi, na Robo akawa anajaza daftari peke yake.

Sasa binti ana miaka kumi na saba. Amemaliza shule, amekuwa mrefu kuliko mama yake, na anapokea simu nje. Robo aliona, na hofu ikamshika. Hakuogopa tena begi kupotea. Aliogopa kwamba mwaka ukigeuka huyu mtoto atakwenda zake, na wao wanne hawatakaa tena mstari mmoja popote duniani, na ahadi aliyoitoa amechuchumaa itabaki uongo. Kwa hiyo karani wa safari alipomwambia Alhamisi kwamba kuna bei ya familia, safari ni baada ya miezi miwili, lakini ofa inafungwa kesho saa sita mchana, Robo alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alipiga hesabu, akakuta zinatosha watu wanne bila senti ya ziada, akasema, "Tunakwenda."

Ijumaa saa mbili unusu alikuwa mezani kwa karani na milioni ishirini na nne kwenye mfuko wa karatasi. Karani alizihesabu, akabofya kompyuta yake, akazihesabu tena.

"Fundi, fedha za kigeni zimepanda asubuhi hii. Pamepungua laki tano."

Robo alipanda kwa msimamizi wa jengo kuomba mshahara wa mbele. Msimamizi akasema mhasibu yuko likizo. Akampigia shemeji yake, simu ikalia mpaka ikachoka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na yeye ni mtu ambaye maishani hajawahi kuyaruhusu yafike magotini. Mwishowe alishuka karakana, akachukua mashine yake ya kutobolea na sanduku la spana zake, zile ambazo hajawahi kumwazima mtu hata kwa kuzitazama, akavuka barabara kwa fundi wa jengo la pili.

"Nipe laki tano."

"Robo, hivi vitu ni vya milioni na nusu! Unaumwa?"

"Nipe laki tano, ndugu yangu. Sasa hivi."

Alirudi kwa karani saa nne na robo, shati limelowa. Karani akazipokea, kisha akamsogezea fomu nne. Kila msafiri aliyezidi miaka kumi na sita, alisema, lazima atie sahihi yake mwenyewe. Robo alidaka fomu akapanda pikipiki, na njia nzima alikuwa akimwambia dereva akimbie, mpaka dereva akamuuliza kama kuna msiba.

Mkewe alikuwa kazini. Robo alimpitia shuleni, naye mke akatia sahihi amesimama mlangoni, machozi yanamlenga, asiamini. Nyumbani alimkuta binti chumbani anapiga pasi gauni jeupe. Robo akaweka fomu juu ya meza ya pasi.

"Tia sahihi hapa, mwanangu. Tunakwenda. Tarehe tisa, wote wanne. Leo sitaki robo."

Binti alitazama ile tarehe. Akachomoa pasi ukutani, akatoa bahasha chini ya mto wake. Chuo cha uuguzi kimempa nafasi. Masomo yanaanza tarehe nane ya mwezi huohuo, na asiyefika siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Barua ilikuwa imefika Jumatatu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kukuambia jana, baba. Ukaingia unapiga mluzi. Sijawahi kukusikia ukipiga mluzi."

"Basi tutawaandikia. Wiki moja tu wakusubiri."

"Nimeshauliza. Wamekataa."

"Basi tusubiri sisi," Robo akasema. "Mwakani. Ukifunga chuo. Nitaweka tena, nitafanya kazi Jumapili, tutakwenda wote kama nilivyosema..."

"Baba." Alimshika mkono, mkono ule mgumu wenye grisi kwenye kucha. "Usisubiri. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nililala na begi limefungwa kando yangu miezi minane. Kila asubuhi nikiamka naliangalia kwanza. Mdogo wangu ana miaka saba. Usimfanyie hivyo."

"Lakini ilikuwa yako. Safari ilikuwa yako wewe."

"Najua, baba. Na nilikuwa naitaka sana."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira, Robo angepata pa kujibia. Alisema kama mtu anayezungumzia mtoto mwingine aliyewahi kumjua, kisha akamfuta baba yake jasho kwa kitambaa cha kupigia pasi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Fomu yake ikabaki tupu. Robo akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka.

Alifika kwa karani dakika tisa kabla ya saa sita, akaweka fomu tatu mezani.

"Na huyu wa nne?" karani akauliza.

"Amekua," Robo akasema.

Karani akafuta jina moja, akapiga hesabu upya, akagonga muhuri mara tatu. Kisha akahesabu noti, akazifunga kwa mpira, akazisukuma mbele yake. Zilikuwa zaidi ya milioni sita.

"Haya, fundi. Hizi zimezidi."

Miaka kumi alikuwa ameitafuta ziada hiyo. Sasa ilikuwa mbele yake mezani, imefungwa vizuri, na mkono wake ulikataa kuinuka. Karani alimwita mara mbili, kisha akanyanyuka kumletea kiti.