Mama Mkwe wa Nyanya za Kitale

Niliondoka kwetu Kabuchai kwa sababu mke wangu, Nasimiyu, alikuwa ameshanoa jembe. Nyanya za grinihausi yetu zilikuwa zinageuka manjano, na jirani alituambia ni mnyauko, tung'oe zote tuchome. Nikaomba siku moja. Binamu yangu Nekesa anafanya kazi katika shamba la nyanya nje ya Kitale, na nilisikia wana roboti inayokagua mimea yenyewe.

"Sawa, siku moja," Nasimiyu akasema. "Ikifika saa nane hujapiga simu, nang'oa."

Njiani, pale Kiminini, nilishuka kwenye matatu kununua mahindi ya kuchoma. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, nikamwambia muuzaji ninakokwenda.

"Ati roboti?" akasema. "Si utuletee moja ije ipalilie, bana!"

Saa saba na nusu nilifika. Tawi la nyanya zetu nililolifunga kwenye gazeti nimwonyeshe Nekesa halikupita langoni. Mlinzi alilishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akalitia kwenye pipa la kuchomea, nisije nikawaingizia ugonjwa. Nekesa akanikanyagisha kwenye beseni la dawa, akanivisha koti jeupe, tukaingia.

Nikaiona! Kigari cha magurudumu manne, shingo ndefu, kamera juu na nyingine chini, kinakuja polepole katikati ya mistari bila mtu wa kukiendesha.

"Tunaiita Mama Mkwe," Nekesa akaninong'oneza. "Inakagua kila kitu."

Basi mimi, Mbukusu niliyelelewa vizuri, niliruka pembeni nikainamisha kichwa. Kwetu mwanamume humpisha mama mkwe njia bila kumtazama usoni, wala si kwa mzaha. Nekesa alicheka hadi akashikilia nguzo.

Roboti ikasimama mbele ya mche mmoja, taa ya manjano ikawaka, ishara ya mche mgonjwa. Mche wenyewe ulikuwa wa kijani, mzuri kabisa.

"Imekosea," nikasema.

"Geuza jani, kaka."

Nikageuza. Chini yake kulikuwa na vidoa vyeupe na utando mwembamba, na ndani ya utando vijidudu vidogo kama vumbi linalotembea.

"Huo ni utitiri," Nekesa akasema. "Ukiuacha, jani linakuwa manjano, linakauka. Watu wengi wanadhani ni mnyauko."

Utando! Nilikuwa nimeuona nyumbani nikadhani ni wa buibui. Nikatazama saa: saa nane na dakika kumi. Nikapiga simu.

"Nimeanza," Nasimiyu akajibu, akihema. "Niko mstari wa pili."

"Acha! Weka jembe chini! Geuza jani!"

Jembe likaanguka. Kisha nikasikia, "Wekesa... kuna vitu vinatembea huku."

Nilimkumbatia Nekesa, nikamkumbatia mfanyakazi aliyekuwa akipita, na nusura niikumbatie roboti.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nyumbani na dawa aliyonielekeza Nekesa. Tulikata majani mabaya, tukanyunyizia upande wa chini, Nasimiyu akinicheka kila nilipomsimulia nilivyoinama. Mistari miwili ilikuwa imekwenda. Mingine sita ilipona, na wiki hii tunachuma.

Roboti hatuna, wala hatutaipata leo. Lakini nilijifunza kwamba miaka miwili nilipita kati ya nyanya zangu wima, mikono nyuma, kama chifu. Siku hizi nazipitia kwa magoti, na suruali zangu zote zimetoboka.