Kumposea Yohana Katika Nchi ya Mito Isiyofika Baharini

Mdogo wangu Yohana alinipigia simu nikiwa kwenye maegesho ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, huku ughaibuni, mjini Arlington. "Dada Rehema, naoa!" Nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akatoka kuangalia nani amepatwa na nini.

Yohana ni daktari wa mifugo. Alitoka kwetu Kongwa kwenda kusoma Australia, akabaki huko, akapata kazi kwenye ranchi ya ng'ombe kusini-magharibi mwa Queensland. Mchumba wake, Leah, ni mwalimu anayefundisha watoto wa ranchi kwa kompyuta, maana shule haipo karibu. Watu wa Leah ndio wenyeji wa asili wa nchi ile. Alilelewa na shangazi yake, June, na huyo shangazi alikuwa ameweka sharti: hatasema ndiyo mpaka aonane uso kwa uso na mtu wa ukoo wetu. "Wewe kijana mzuri," alimwambia Yohana, "lakini mtu nisiyemjua ndugu zake, yeye mwenyewe simjui."

Mama yetu magoti yanamsumbua, hawezi safari. Akaniagiza kwa simu: "Nenda wewe. Kawe mshenga wetu, na usiniaibishe."

Kutoka Herndon, ninakoishi, hadi uwanja wa ndege wa Dulles ni karibu tu. Alinipeleka Wanjiru, Mkenya ninayefanya naye kazi. "Na usikuje bila picha," aliniambia akishusha sanduku langu lililojaa vitenge. "Mimi nataka kuona huyo shangazi anaitisha nini."

Brisbane nilibadilisha ndege, nikapanda kadogo kenye injini za mapanga. Niliganda dirishani kama mtoto. Mashamba yaliisha, miti ikapungua, kisha ardhi ikawa nyekundu tupu mpaka upeo wa macho. Halafu nikaiona mito. Haikuwa mto mmoja unaokwenda mahali. Ilikuwa vijito visivyohesabika, vinaachana, vinakutana, vinaachana tena, kama nywele zilizofumuliwa.

Yohana alinipokea kwenye kiwanja cha vumbi. Alikuwa amenenepa, amevaa kofia pana, na alinibeba juu nikapiga kelele. Njiani, kwenye pikapu, hakunyamaza. Mito ya huku, aliniambia, haiendi baharini. Inateremka kuelekea katikati ya bara, kwenye ziwa la chumvi ambalo miaka mingi huwa limekauka. Mvua ikinyesha mbali kaskazini, maji husafiri taratibu mpaka yanafika huku, na mahali pasipodondoka tone panageuka bahari. Yakipungua, majani yanaota, ng'ombe wananona.

"Kwa hiyo mafuriko ni baraka?" nikauliza.

"Ni baraka, Dada. Ila yasije wiki ya harusi yangu."

Yalikuja wiki ya harusi yake.

Asubuhi nikiwa kwenye nyumba kuu ya ranchi nakunywa chai, Colin, meneja, mzungu mrefu mwenye masikio yaliyoungua jua, aliingia akitoka kuongea kwenye redio. "Maji yamevuka ua wa kaskazini," alisema. Nilitoka nje. Mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu hata la kuokoteza. Lakini kwa mbali niliona kitu kinang'aa, na kasuku weupe, mamia yao, wakipiga kelele juu yake.

Shida ilikuwa hii: shangazi June na Leah, pamoja na ndugu zao, walikuwa ng'ambo, kwenye kisima cha zamani ambako ndiko harusi ingefungwa keshokutwa. Sisi tulikuwa upande huu. Mchana barabara ilikuwa imezama. Helikopta ya ranchi ilikuwa inaswaga ng'ombe kwenda sehemu zilizoinuka, na Colin hakuweza kuiachia.

"Tusogeze tarehe?" nilimuuliza Yohana.

Alitikisa kichwa. "Shangazi alimwambia Leah, tuone kama hao watu watakuja."

"Basi tafuta boti," nikasema.

Ilikuwa boti ya bati yenye injini ndogo nyuma. Colin alituvalisha maboya na kutufungia redio. Tukaondoka asubuhi iliyofuata, vitenge vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mapaja yangu. Tulipita katikati ya miti iliyozama mpaka shingoni. Kwenye matawi walijazana buibui, mijusi, na nyoka mmoja mnene wa kahawia aliyetutazama kama abiria aliyewahi kiti. Niliogopa, na wakati huohuo sijawahi kufurahi hivyo tangu nilipokuwa msichana.

Ghafla injini ikakohoa, ikazima. Chini ya maji kulikuwa na ua wa waya, na waya umejisokota kwenye panga la injini. Mkondo ukaanza kutuzungusha kuelekea kwenye ule mti wa nyoka.

"Nishike mkanda!" Yohana alipiga kelele, akalala kifudifudi nyuma ya boti, mikono ndani ya maji. Nilimshika kwa mikono miwili, miguu yangu nimeikaza ukingoni. Alivuta, akakata kwa koleo, akavuta tena. Tawi la kwanza liligusa kofia yangu. Nilianza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kigogo, kwa sauti, bila kujua nimeanza.

Injini ikawaka.

Ng'ambo, Leah alitukimbilia ndani ya tope mpaka magotini, akamkumbatia Yohana, kisha mimi. "Wifi," nikamwambia, nikamfundisha neno hilo papo hapo. Juu ya kilima cha mchanga alisimama mama mfupi mwenye miwani ya jua, anacheka mpaka anashika mbavu. "Nilisikia wimbo kabla ya injini!" alisema. Huyo ndiye June.

Nilimkabidhi kitenge kwa mikono miwili, nikatoa salamu za mama. Nikamweleza kwamba kwetu binti huposwa kwa ng'ombe.

"Ng'ombe?" Aligeuka akaonyesha nyika nzima nyuma yetu. "Mwanangu, ng'ombe ndio walioniletea matatizo yote. Wewe njoo tutembee."

Tukatembea. Alinionyesha mawe ya kusagia mbegu yaliyolala mchangani, laini kama mgongo wa kijiko. Mawe yale hayakutoka pale: yalibebwa kwa miguu kutoka mbali, yakabadilishwa kwa udongo mwekundu wa kujipakaa. Mito ile ilikuwa njia za biashara za babu zake. Kisha wakaja wafugaji wa kizungu na mifugo yao, na bunduki. Watu waliuawa kando ya maji. Waliosalia wakawa wachungaji hodari, wakilipwa unga, chai na tumbaku. Baba yake June alikuwa mmoja wao. Sheria ilipodai walipwe mshahara sawa na wazungu, wengi walifukuzwa, na familia yake ilipakiwa kwenye lori. Yeye alikuwa mtoto, akigeuka nyuma kutazama kisima kinavyopotea. Miaka mingi baadaye, eneo linalokizunguka lilirudishwa kwao.

"Sasa nyinyi," alisema. "Kwenu palitokea nini?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamweleza jinsi babu yangu alivyokuwa na malisho Kongwa, mpaka Waingereza walipokuja na matrekta wakaing'oa miti yote ili walime karanga. Mvua ikawagomea. Wakaondoka, wakaacha vyuma vikioza na ardhi imevuliwa nguo.

"Karanga?" June akasimama.

"Karanga, Shangazi."

Alicheka, kisha akavua miwani. Macho yake yalikuwa na machozi. "Basi mnajua," alisema. Akanishika mkono mpaka tuliporudi. Akamwambia Leah mbele ya wote, "Haya. Huyu kijana ana watu."

Harusi ilifungwa kesho yake mchana, kando ya kisima. Mchungaji wa kanisa aliletwa na helikopta, ng'ombe wakiwa wameshaokolewa. Shangazi June alivaa kitenge, na nilipopiga kigelegele alinijibu kwa chake, kibaya kabisa, na watu wakashangilia.

Ndege iliponirudisha, nilitazama chini. Kulikuwa na maji kila mahali, na pembeni yake kijani kilikuwa kimeanza.

Nilichokileta nyumbani kutoka huko ni lile swali la June. Siku yangu ya kwanza kurudi kazini, nikimvalisha soksi mzee mmoja asiyependa kuongea, nilimuuliza: "Kwenu palitokea nini?" Alinitazama sana. Kisha akaniambia alizaliwa Bladensburg, mji wa mtoni usio mbali na hapa, na bibi yake alimsimulia kwamba zamani meli kubwa zilifika mpaka pale, kubeba tumbaku, kabla mto haujajaa tope. Akaniambia walioilima tumbaku ile walikuwa watumwa, na kwamba walikuwa watu wake. Aliongea mpaka chai yake ikapoa.

Jumapili, baada ya ibada, nilimchukua Wanjiru tukaenda Bladensburg kuutazama mto. Tulisimama ukingoni na viatu vyetu vya kanisani, tukibishana meli zilitia nanga wapi.