Jina la Bibi Fanny Kwenye Kengele

Harufu ya supu ya vitunguu na karoti ilitupokea ngazini kabla hatujafika juu. Katika nyumba ile ya mtaa wa Saint-Gilles, huku Ulaya, sisi tulikaa ghorofa ya mwisho, na chini yetu alikaa Bibi Fanny, Myahudi mzee aliyeishi peke yake. Mama alikuwa akimsaidia kuoga na kupika. Majira hayo ya joto nilikuwa na miaka tisa, shule zimefungwa, basi nikawa nashinda kwake. Wallahi, supu ile haikuwa na chumvi wala pilipili, na leo naitamani.

Kwake ilikuwa marufuku kugonga mlango. Akisikia mlango unagongwa alitetemeka mwili mzima. Mama, mtu wa Buyenzi, Bujumbura, alipata dawa mapema: alisimama nje, mikono mfukoni, akaita, "Hodi, Bibi, ni mimi!" Bibi naye akajifunza kujibu "Karibuu!" kwa r yake ya kooni iliyotuvunja mbavu.

Sababu aliniambia mwenyewe, akinimenyea pea. Alipokuwa na umri wangu, wakati wa vita, askari wa Kijerumani waliugonga mlango uleule. Mama yake akamsukuma kabatini, nyuma ya makoti. Alipotoka, baba, mama na kaka yake Simon hawakuwapo. Watawa wakamficha, wakampa jina la Kikristo. Vita vilipokwisha akapelekwa kwenye makao ya watoto wenzake Wayahudi, ambako gari likisimama nje wote walikimbilia dirishani. Wachache walifuatwa na jamaa zao. Yeye hakufuatwa na mtu. Alipokua akawa mshonaji, akahangaika mpaka akaipanga tena nyumba ya wazazi wake, na kwenye mlango wa barabarani, ambako kila ghorofa ina kengele yake yenye jina, akaandika jina la ukoo wao, ili Simon akirudi asipotee. "Nikihama," aliniambia, "atanipata wapi?"

Mwisho wa likizo nyumba ikauzwa, na mwenyewe mpya akaitaka ghorofa ya Bibi. Alituma mafundi waje kupima vyumba, nao wakagonga kwa ngumi. Mama akashuka mbio akiita hodi. Akafungua kwa ufunguo wake. Ya Rabi! Tulimkuta kabatini, kikongwe wa watu, amejikunyata kati ya makoti, kiganja mdomoni. Akamnong'oneza Mama, "Na Simon wamemchukua?" Mama aliketi sakafuni akalia, nami nikalia kwa kuwa Mama analia.

Hakuweza tena kukaa peke yake. Walimpeleka kwenye nyumba ya wazee kule Jette, mtaa mwingine wa mji, na alipokuwa akishushwa ngazi alimng'ang'ania Mama mkono, akimwomba jina lake lisitolewe kwenye kengele. Mwenye nyumba alilitoa wiki ileile. Mama akaliandika upya kwenye kengele yetu, chini ya jina letu.

Bibi Fanny alifariki kabla ya mwaka kuisha. Siku hizi ngazi zinanuka rangi mpya, na kwake wanalala watalii, leo hawa kesho wale. Juzi nilikwenda kumwona Mama, nikamwambia sasa yatosha, tulitoe lile jina, huyo kaka angekuwa anakaribia miaka mia. Mama alinikazia macho.

"Ndugu yangu Hamisi walimchukua nyumbani, Buyenzi, mimi niko chini ya kitanda," akasema. "Nani kakwambia nimeacha kumngoja? Liache hapo."

Mpaka siku hiyo sikujua kwamba nilikuwa na mjomba.