Tulivyomtafuta Saning'o kwa Basi la Nairobi

Safari ile tulikuwa watatu. Mimi, Martina wa Qurus, mkulima. Naseriani wa Endulen, ambaye si ndugu yangu wa damu: kule kwao hifadhini kulima hakuruhusiwi, basi nilikuwa nampelekea mahindi, yeye ananipa samli, mpaka siku aliponipa mbuzi. Kwa Wamasai, mkipeana mbuzi mnaitana Pakine, na hadi leo hatuitani jina lingine. Wa tatu ni Yosefa, mtoto wa mdogo wangu, aliyeolewa Nairobi, ndiye aliyetupokea. Na tuliyemfuata ni Saning'o, kifungua mimba wa Pakine.

Kilichotuondoa ni macho. Pakine aliugua vikope miaka mingi. Jicho moja lilikuwa limekwisha, la pili limeingia ukungu kama ule wa ukingoni mwa Kreta asubuhi. Saning'o aliondoka mwaka ule wa ukame, ng'ombe walipoisha, akaenda kulinda mageti Nairobi, asirudi tena. Pakine akaniambia, "Nataka niuone uso wake kabla hili nalo halijafunga. Wewe unajua namba za mabasi. Twende."

Namba nilizijua, kweli. Darasa la pili lilinitosha kwa hilo.

Alfajiri tuliondoka Karatu. Lami ilikuwa ndiyo kwanza imefika, tukateremka hadi Mto wa Mbu bila kula vumbi, nikajiona kama mtalii. Arusha tukabadilisha gari, Namanga tukashuka kugongewa mihuri, na jioni, Nairobi, tukamkuta Yosefa anatungoja, anacheka huku analia. Watu walivyojaa pale! Nikaanza kuwasalimia mmoja mmoja kama kwetu, hadi Yosefa akanivuta mkono: "Mama mkubwa, ukitaka kuwamaliza hawa tutafika nyumbani Pasaka."

Asubuhi yake tulipanda basi kubwa la kwenda Karen, maana tulichojua ni kwamba Saning'o analinda upande huo, basi. Kondakta alipotufikia nikamwambia kama ninavyomwambia dereva wa kwetu. Karatu unashushwa kwa mtu: kwa Mama Daudi, kwa Mzee Amsi.

"Mwanangu, utushushe kwa Saning'o."

"Kwa nani, shosho?"

"Saning'o wa Endulen, mlinzi. Mama yake ndiye huyu."

Basi zima likaangua kicheko. Kondakta akasema, "Shosho, hapa tunashukisha kwa steji, si kwa mtu." Mwanamume mmoja huko nyuma akadakia, "Na mimi mnishushe kwa shemeji!" Yosefa akageukia dirishani kama hatujui.

Pakine hakucheka. Alikuwa amelibandika jicho lake moja kwenye kioo. Mara akapiga kelele, "Nyekundu! Simamisha!"

Ilikuwa shuka. Mlinzi wa Kimasai, amesimama mbele ya geti la watu.

Tukashuka. Pakine akamsalimia Kimasai, na salamu yao haina haraka: ukoo, rika, boma, mifugo, mvua. Yosefa akaninong'oneza, "Sasa atauliza saa ngapi?" Kumbe ndiyo alikuwa anauliza! Walinzi wale majina ya mitaa hawayashiki. Wanajuana kwa ukoo na rika. "Saning'o wa rika la Makaa, wa Endulen?" akasema yule kijana. "Pandeni basi tena, mshuke kituo cha pili, geti jeusi."

Kwenye geti jeusi tulimkuta mwanamume mnene kidogo, sare ya bluu, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi. Pakine akamtazama, akageuka, akaniambia, "Muulize huyu kama anamjua."

Yule mwanamume alivua kofia, akainama, akamletea mama yake kichwa, kama watoto wa kwao wanavyoamkia wakubwa. Mkono wa Pakine ukatua pale, ukapapasa, ukafika kwenye kovu la pembe ya dume, pale kwenye paji la uso.

"Geukia jua," akamwambia.

Akamshika mashavu, akamtazama. Akamtazama weee. Magari yanapita, sisi tumesimama tu.

"Umenenepa."

"Ni ugali wa Kenya, yeyo." Kisha akaangalia chini. "Ningerudije mikono mitupu?"

"Sikuja kutazama mikono," akasema Pakine. "Inua uso."

Wakati wa kurudi mjini tukampata kondakta yuleyule. Alipotuona akaufungua mlango akipaza sauti, "Kwa Saning'o! Kuna wa kupanda kwa Saning'o?" Hapo hata Yosefa alicheka.

Siku tuliyorudi nyumbani Pakine alifumba macho toka Namanga. Nikamgutua: "Pakine, tazama mlima ule wa Longido." Akakataa. "Usinichanganyie uso wake," akasema. Nikamwacha.

Masika yaliyofuata lile jicho likafunga. Saning'o alirudi baadaye, yuko Endulen, ana mvi sasa. Lakini kwa mama yake bado ni yule wa getini. Kila nikienda ananiambia, "Pakine, hebu nisimulie uso." Namsimulia: pengo la juu, kovu la kulia, jua linampiga shavuni.

Ila juzi Yosefa kaniambia kovu lilikuwa la kushoto, na mimi umri umekwenda. Basi Yosefa, Saning'o, na hata wewe kondakta kama u hai: nilipokosea mnisahihishe. Lakini mniambie mimi. Pakine msimwambie, nitamrekebishia mwenyewe polepole.