Rejeta Ilipofunguliwa Ikiwa Moto

Harufu ya mafuta ya gia yaliyochakaa ni nzito, ina uchachu kidogo, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa sabuni. Baba alirudi nayo nyumbani kila jioni, nasi watoto tulijua amefika kabla hatujamwona. Alikuwa shofa wa trekta katika shamba la pamba la Wabelgiji upande wa Kabambare, miaka michache kabla ya uhuru. Trekta lenyewe lilikuwa dogo na kuukuu, limechoshwa kwanza na mkoloni mwingine huko Kivu ndipo likaletwa kwetu; rangi yake nyekundu ilikuwa imebanduka, na chini yake palikuwa na kutu. Tuliishi kambini kwa wafanyakazi wa shamba, katika nyumba ya matofali yenye bati. Nyumba hiyo ilikuwa yetu kwa muda ule tu ambao baba alikuwa na kazi.

Msimu ninaoukumbuka, mjomba Amisi, mdogo wake mama, alikuwa amekuja kutoka Wamaza ili baba amfundishe kazi. Mimi Zaina, kifungua mimba wa nyumba ile, nilikuwa nikiwapelekea uji alfajiri, na ndivyo nilivyoyaona mafunzo yale. Baba hakuwasha injini kabla ya kupima. Alitaka trekta lisimame mahali tambarare, kwa sababu likiinama upande mmoja mafuta nayo huinama na kipimo hudanganya. Alichomoa kile kijiti cha chuma cha kupimia mafuta, akakifuta kwa kitambaa kikavu, akakirudisha mpaka mwisho, kisha akakichomoa tena; mara hiyo ya pili ndiyo aliyoisoma. Mafuta yalipaswa kufika kati ya alama mbili, yasipungue wala kuzidi. Akiyaona yamekuwa meupe kama maziwa, alijua maji yameingia ndani. Kabla ya kufungua kizibo cha mafuta ya gia alipangusa vumbi pande zote, lisije likadondokea ndani. Maji ya rejeta, lile tangi lililo mbele ya injini, aliyaangalia yakiwa baridi tu. Amisi alirudia kila kitu baada yake, na alikuwa na mikono mitulivu kuliko watu wengi wa umri wake. Alikuwa amechumbia msichana wa Nyangwe. Alipokuwa anapangusa vyuma vile alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, na baba, ambaye hakupenda kelele kazini, alimwachia aimbe.

Mvua zilikaribia na sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bado haijalimwa. Mpira unaopeleka maji kwenye rejeta ulikuwa umepasuka. Baba aliufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, lakini maji yaliendelea kuvuja, na injini ilichemka kila jua lilipopanda. Mchana mmoja nilipowapelekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nilikuta trekta limesimama mwisho wa shamba, mvuke unatoka mbele. Baba aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka, akamwambia Amisi asiguse kitu mpaka chuma kipoe kiasi cha mtu kukishika. Halafu akachukua ndoo, akateremka mtoni.

Alipokuwa huko chini, Mzungu msimamizi wa shamba akafika na gari lake. Hakuuliza kwa nini trekta limesimama. Palikuwa na debe lililobaki na maji kidogo pembeni, akamwonyesha Amisi.

"Fungua. Weka maji sasa."

"Bwana, shofa alisema bado iko moto," Amisi akajibu.

"Ninasema fungua."

Amisi alinitazama mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Akakunja kitambaa mkononi, akazungusha kifuniko. Maji yaliruka na mlio kama wa nguo inayochanika, yakampiga usoni. Hakupiga kelele. Alikaa chini, viganja vimefunika macho, na ngozi ya viganja nayo ilikuwa inatoka. Baba alipanda kutoka mtoni mbio, ndoo imeshamponyoka. Nilimweleza nilichoona, na msimamizi alikuwa amesimama palepale akinisikia.

Walimpeleka Amisi katika hospitali ya Kasongo. Baada ya siku kadhaa akaja ofisa wa serikali kuuliza habari, pamoja na msimamizi yule. Baba aliitwa, na maswali yakaulizwa kando ya kitanda. Mama alikuwa pale anapepea nzi, nami nilikuwa nimekaa miguuni pake. Mimi sikuulizwa. Ofisa alitaka kujua ni nani aliyefungua rejeta. Baba alivua kofia.

"Alifungua yeye mwenyewe, Bwana. Nilikuwa nimemukataza."

Kila neno lilikuwa kweli. Ofisa hakuuliza zaidi, wakatoka. Tulidhani Amisi amelala, uso wake wote umefungwa bendeji. Lakini baba alipoinama kumuaga, Amisi aligeuza kichwa ukutani. Alikuwa amesikia yote.

Jioni ile mama hakungoja mpaka tulale.

"Na ule Muzungu alimutuma, ulimuweka wapi?"

Baba aliiangika kofia yake ukutani.

"Mama Zaina, watoto watalala wapi?"

Mama aliinuka akaenda jikoni. Aliendelea kumpikia, kumfulia na kumchotea maji ya kuoga. Lakini toka jioni hiyo hakumwita tena Baba Zaina. Alimwita Shofa, kama walivyomwita watu baki. Baba hakumkataza. Aliliendesha trekta lile mpaka uhuru, na alikufa akiitwa hivyo ndani ya nyumba yake.

Siku hizi, pikipiki inapozama kwenye matope ya njia ya Wamaza, wazee wenzangu wanasema enzi za Wabelgiji barabara zilipitika. Ni kweli, zilipitika. Na wanangu, niliowalea katika miaka ya vita, wakisikia habari hii wanasema babu yao alikuwa mwoga. Siwabishii wote hao. Nami nimesimama mbele ya watu wenye bunduki, watoto nyuma yangu, nikichagua neno la kusema. Ila wenzangu wakisifu sana barabara ile, nakumbuka mara yangu ya kwanza kuipita kwa miguu. Ilikuwa imefagiliwa, haina shimo, mifereji imechimbwa sawasawa pande zote mbili. Mama alikuwa mbele, amemshika mkono Amisi, aliyetoka hospitali haoni, anamrudisha kwa wazazi wao. Mimi nilikuwa nyuma na mzigo wa nguo zake. Amisi alikuwa anainua miguu juu mno kila hatua, akiogopa mawe, na mama alikuwa anamwambia taratibu, tena na tena, kwamba njia ni nzuri, haina kitu, atembee tu.